Chakula kile kile kila jioni: kutatua jiko lililokwama kwa vitabu vilivyolala kabatini

Malalamiko yaliyomo humu nimeyasikia kwa miaka kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Uyole, Mbeya, kwa majirani, na kwa ndugu zangu wa Iringa na Makambako wanaopiga simu saa kumi na moja jioni wakiwa wameshika sufuria tupu. Yanafanana mno. Mtu amechoka kupika vile vile, anakumbuka kwamba ana vitabu vya mapishi, anajaribu kimoja, chakula kinaharibika. Anajiona hajui kupika. Kitabu kinarudi kabatini, na kesho yake ni ugali na chainizi tena.

Nataka niseme wazi kwamba mara nyingi kosa si la mpishi. Vitabu vingi tulivyonavyo vimeandikwa na watu wanaopika karibu na usawa wa bahari, kwa vipimo vya zamani au vya nchi nyingine, na kwa soko lisilofanana na letu. Kitabu cha namna hiyo kinafaa, ila lazima kwanza ukipandishe mlima.

Tafuta dalili yako. Sababu zinaanza na ile ninayoikuta mara nyingi zaidi. Palipoandikwa ISHIA HAPA, acha kujaribu mwenyewe.

Dalili ya kwanza: "Tunazunguka vyakula vitatu tu"

Chukua daftari uandike mlichokula jioni saba zilizopita. Andika kweli, kama ni ugali jioni tano andika tano. Pembeni ya kila chakula andika ulikonunua mboga. Hapo ndipo wengi wanapoona tatizo lao.

*Miguu imezoea njia moja.* Hii inaongoza kwa mbali. Unaingia soko la Mwanjelwa au Soweto kwa njia ile ile, unakwenda kwa mama yule yule anayekupimia fungu na kukuwekea nyongeza, unageuka nyumbani. Mkono umeshabeba chainizi kabla kichwa hakijafikiri. Tiba yake ni kufungua kitabu kabla ya kwenda sokoni. Chagua siku moja ya wiki, kwangu ni Jumamosi, na kwa siku hiyo nunua kitu kimoja ambacho hujakinunua mwezi mzima: liki, njegere mbichi, bilinganya, boga, au usipa wa Ziwa Nyasa. Ukifika nyumbani kitafute kwenye faharasa, ile orodha ya kurasa za mwisho iliyopangwa kwa herufi. Nimekutana na watu wazima waliokaa na kitabu miaka kumi bila kujua kwamba faharasa ipo. Wanafungulia mbele, wanakutana na picha ya keki ya harusi, wanakifunga.

*Unatafuta mboga mpya wakati kilichochoka ni namna ya kupika.* Hesabu njia unazotumia. Kwa wengi wetu ni moja: kitunguu, nyanya, mafuta, chumvi, basi. Kitabu kina faida kubwa hapa kuliko penginepo. Usisome orodha ya mahitaji, soma maelezo ya kupika peke yake, ukitafuta kitendo ambacho hukifanyi. Maharage hayo hayo ya njano yanaweza kupondwa na kukaangwa na vitunguu vilivyoiva hadi vikawa vya kahawia. Yanaweza kusagwa yakawa supu nzito yenye tangawizi, au kupoa na kuchanganywa na kachumbari na parachichi. Bei ni ile ile, na mezani watu wanauliza leo kuna nini.

*Unaanza kuwaza ukiwa umechoka.* Saa kumi na mbili jioni hakuna kitabu kitakachokusaidia. Soma asubuhi, au usiku wa jana baada ya kuosha vyombo.

Dalili ya pili: "Vitabu ninavyo, sikumbuki mara ya mwisho kuvifungua"

Angalia kwanza viko wapi. Vikiwa sebuleni kwenye kabati la vioo pamoja na vyombo vya wageni, umeshapata jibu. Chagua viwili, vihamishie jikoni karibu na ndoo ya unga, uvivalishe nailoni. Vingine viache.

Ya pili ni lugha. Wengi wana kitabu cha Kiingereza kilichobaki kutoka kwa shangazi aliyesomea sayansi kimu, au kilichonunuliwa kwenye mitumba ya vitabu. Usijaribu kukitafsiri chote. Ukurasa mmoja kwa wiki, penseli mkononi, pamoja na mtoto wa sekondari kama yupo. Andika Kiswahili juu ya mstari. Baada ya kurasa sita utagundua kwamba maneno ya kupika ni machache na yanajirudia.

Ya tatu ni orodha ndefu. Unaona vitu kumi na vinne unakata tamaa. Chukua penseli uviweke kwenye mafungu matatu: vinavyojenga chakula, vinavyokipa harufu, na vinavyokipamba. Katika vitu kumi na vinne, vinavyojenga huwa vinne au vitano. Ukiwa navyo hivyo na kimoja au viwili vya harufu, pika. Nimefanya hivyo na kitabu kimoja cha marehemu mama yangu mkubwa, na sasa kurasa zake zina mistari yangu pembeni ya yake. Mwaka aliofariki sikuweza kukigusa. Leo ndicho ninachokifungua zaidi.

Dalili ya tatu: "Nimefuata neno kwa neno na kimeharibika"

Nitakaa hapa muda mrefu, maana hapa ndipo watu wanapovunjika moyo.

Anza na vipimo, kwa sababu kuvikagua ni rahisi na hakuna gharama. Kikombe cha kitabu ni mililita 240 hadi 250. Kikombe chako cha chai cha bati kinaweza kubeba zaidi ya 300. Ukipima unga kwa kikombe kimoja na maji kwa kingine, keki imeshaharibika kabla ya moto. Chukua chupa ya maji ya nusu lita: ikijaa ni 500, nusu yake ni kikombe kimoja cha kitabu. Kijiko cha chakula ni mililita 15 na cha chai ni 5, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu. Vitabu vya zamani vinataja ratili, ambayo ni gramu 454 hivi, na wakia, gramu 28. Painti ya Uingereza ni mililita 568 lakini ya Marekani ni 473, kwa hiyo angalia kitabu kilichapwa wapi. Na ukiona joto la oveni limeandikwa 350 usishtuke, hiyo ni Farenhaiti, sawa na nyuzi 180 hivi za Selsiasi. 300 ni kama 150, na 400 ni kama 200.

Vipimo vikiwa sawa, inayofuata ni mwinuko. Jiji la Mbeya liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hapa maji yanachemka yakifika nyuzi 94 hivi, wala hayafiki 100 hata ukiongeza mkaa. Iringa mjini tofauti ni ndogo, Njombe ni baridi zaidi na maji yanachemka mapema zaidi. Teremka Kyela kando ya ziwa, mita kama 500 tu, na maji yanakaribia 98. Ndiyo maana dada yangu wa Kyela na mimi tunapika mchele wa gunia moja na tunapata wali tofauti. Chakula kilichomo kwenye maji ya nyuzi 94 kinaiva, ila kinachelewa, na muda ulioandikwa kitabuni haumhusu mtu wa Mbeya.

Kwa wali: ongeza robo kikombe cha maji kwa kila kikombe cha mchele, funika vizuri, maji yakikauka palia makaa juu ya kifuniko na upunguze ya chini. Onja kiini cha punje kabla hujapakua.

Kwa maharage: loweka usiku kucha na umwage maji hayo. Nyanya na ndimu zisubiri hadi maharage yalainike, kwa sababu uchachu unayafanya yagome. Wengi wanaunga mapema kisha wanalaumu mkaa. Kama umefanya yote hayo na bado ni magumu, maharage ni ya zamani, yamekaa ghalani msimu mzima au zaidi. Muulize muuzaji ni ya mavuno gani. Aina nazo zinatofautiana, na kituo cha utafiti wa kilimo hapa Uyole kimetoa aina kadhaa zenye jina la Uyole ndani yake. Ukipata inayoiva haraka andika jina lake kwenye kitabu. Magadi yanalainisha kweli, lakini yanaharibu vitamini B, kwa hiyo mimi natumia sufuria ya presha.

ISHIA HAPA: kama sufuria ya presha inavuja pembeni, mpira wake umepasuka, au kitundu cha mvuke kimeziba, usiitumie tena. Mpira mpya ununuliwe wa sufuria hiyo hiyo, na valvu aiangalie fundi. Kamwe usifungue kifuniko kwa nguvu wakati mvuke haujaisha. Na wanaookoa mkaa kwa kuichemsha sufuria kidogo kisha kuifunika kwenye kapu au blanketi: maharage mekundu yana sumu ya asili inayokufa kwa kuchemka kwa nguvu tu. Yachemshe nusu saa kamili kwanza, ndipo uyafunike. Moto wa vuguvugu unayaacha na sumu, na mtu anatapika vibaya.

Keki inayovimba vizuri kisha inadidimia katikati ni mwinuko pia. Hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo keki inapanda haraka kabla haijashikana, halafu inaanguka. Kwa kila kijiko cha chai cha beking pauda punguza robo. Kwa kila kikombe cha sukari punguza kijiko kimoja cha chakula, na kwa kila kikombe cha maziwa au maji ongeza viwili au vitatu. Oveni iongezewe nyuzi kumi hivi. Badilisha kimoja kwanza, beking pauda, uone, ndipo ubadilishe kingine. Ukibadilisha vyote kwa siku moja hutajua kilichosaidia.

Mikate ya hamira inachanganya watu zaidi. Kwa mwinuko donge linaumuka haraka. Lakini Juni na Julai, baridi ya Mbeya, na ya Makete hata usiseme, inalichelewesha. Usiangalie saa, angalia donge: likiwa limejaa mara mbili limefika. Kipindi cha baridi liweke karibu na jiko, si juu yake.

Maandazi yanayokuwa meusi nje na mabichi ndani yanataka moto mdogo kuliko kitabu kinavyosema, na muda mrefu zaidi.

Baada ya vipimo na mwinuko ndipo tunafika kwenye moto wenyewe. Kitabu kinasema oveni, wewe una jiko la mkaa na sufuria mbili. Inawezekana. Mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, chombo cha keki juu yake, makaa mengi juu ya kifuniko na machache chini. Ikiungua chini na kubaki mbichi juu, umeyageuza.

ISHIA HAPA: kuoka kwa mkaa kunachukua saa nzima au zaidi, na wakati wa baridi tunapenda kufunga madirisha. Moshi wa mkaa una gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu, na huua. Oka nje au mlango ukiwa wazi. Ukisikia kichwa kinauma, kizunguzungu au kichefuchefu, toka nje na kila mtu aliyemo, ndipo uulize maswali. Aliyezimia apelekwe hospitali. Kwa wenye gesi: ukinusa gesi, funga mtungi, fungua madirisha, usiwashe kiberiti wala usibonyeze swichi ya taa, mwite fundi au wakala aliyekuuzia. Usijaribu kuziba mpira kwa gundi.

Dalili ya nne: "Kitabu kinataka vitu ambavyo huku havipo"

Nina furaha kubwa kuandika sehemu hii, kwa sababu watu wa Nyanda za Juu wana bahati wasiyoiona. Vitabu vya Ulaya vilivyotupwa huko Dar es Salaam kwa kukosa mahitaji vinatufaa sisi. Tufaa za Makete, peasi na plamu, viazi mviringo, liki, karoti, kabichi, njegere, ngano, maziwa ya Rungwe na Njombe: nusu ya kitabu cha Uingereza imeshafika sokoni kwetu. Kile kitabu cha mapishi ya nchi za baridi ulichopewa ukakiona hakina maana, kitoe leo.

Vitabu vya pwani ndivyo vinavyohitaji marekebisho. Nazi inakuja huku kutoka mbali na bei yake inapanda njiani. Karanga za kusaga zinaunga mboga za majani, ndizi na samaki vizuri tu. Ladha haitakuwa ya nazi na usijidanganye kwamba ni ile ile, lakini ni nzuri kwa haki yake. Kwenye pilau au maharage ya tui unaweza kutumia maziwa freshi, ukiyaweka mwishoni na moto mdogo yasikatike. Palipoandikwa maziwa ya kuchachua au krimu chachu, mtindi unafaa. Palipoandikwa siki na huna, ndimu. Samaki wa baharini akiitwa, watu wa Mbeya wana mbasa na wengine wa Ziwa Nyasa, watu wa Iringa wana wa bwawa la Mtera.

Kosa linalorudi hapa ni kubadilisha vitu vitatu kwa mpigo kisha kulaumu kitabu. Badilisha kimoja kwa mara moja, na uandike pembeni kwa penseli: tarehe, ulichoweka, na kama walimaliza sufuria.

ISHIA HAPA, na hapa ni mara tatu. Karanga au mahindi yenye ukungu, yaliyobadilika rangi au yaliyosinyaa usiyasage kwa kuamini moto utayasafisha. Sumukuvu haiondoki kwa kupika, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Uyoga wa porini unaouzwa kandokando ya barabara za Mufindi na Iringa wakati wa mvua ununue kwa mtu anayeujua kwa kuurithi, kamwe usichume mwenyewe kwa kulinganisha na picha ya kitabu. Ya tatu: kitabu kikikufundisha kuhifadhi maharage, mboga au nyama kwenye chupa kwa kuzichemsha ndani ya maji, acha ukurasa huo. Mbegu za bakteria wanaotengeneza sumu ya botulini hazifi hata kwa nyuzi 100, seuze 94 za kwetu. Jamu ya matunda yenye uchachu na achari ya siki zina usalama zaidi, lakini hata hizo huku zinahitaji muda mrefu wa kuchemsha chupa. Ukitaka kuhifadhi kwa wingi au kuuza, nenda SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, ukafundishwe kwa vitendo.

Dalili ya tano: "Nimepika kipya, nyumbani wamekataa"

Mara nyingi umebadilisha sahani nzima. Acha ugali au wali ubaki, badilisha mboga tu. Pika kidogo kando ya kile walichozoea, bila kutangaza. Baba wa nyumbani asiyekula wali wa njegere Jumamosi ya kwanza huonja ya tatu, akiona watoto wanagombea ukoko. Watoto wachagulie picha tatu, wao wachague moja, na wamenye viazi vyake. Mgonjwa wa kisukari, mwenye presha, mjamzito au mtoto chini ya mwaka mmoja asiwe wa kujaribiwa kitabu. Asali, kwa mfano, mtoto wa chini ya mwaka hapewi. Kwa hao muone kwanza afisa lishe wa halmashauri au kliniki unayohudhuria, na kitabu chako ukibebe.

Dalili ya sita: "Nimejaribu yote, sina hamu ya jiko kabisa"

Kagua usingizi na mzigo kwanza. Anayeamka saa kumi kuwahi sokoni na kurudi usiku hahitaji kichocheo cha mapishi, anahitaji mtu wa kumshika mkono siku mbili kwa wiki. Gawa zamu, hata kama atakayepika atapika vibaya. Pika sufuria kubwa ya makande Jumapili, ipoe haraka, na kama una friji iweke ya siku mbili.

Sababu ya pili ni moshi. Jiko la kuni lisilo na pa kutolea moshi linamfukuza mpishi bila yeye kujua. Macho yanayowasha na kikohozi kisichoisha vinatosha kumfanya mtu amalize haraka na kukimbia nje.

ISHIA HAPA: ukiona hamu ya kupika imeondoka pamoja na hamu ya kula, umepungua uzito, unalia bila sababu, kitu ulichokipenda hakikugusi tena, au umekohoa wiki mbili mfululizo, weka kitabu chini. Nenda kituo cha afya, umweleze daktari hivyo hivyo ulivyoniambia mimi. Jirani akusaidie jioni hizo, na kitabu kitakungoja pale pale karibu na ndoo ya unga.